Fundi Aliyeitetea Bei

Kabla sijasema jema lolote juu ya Fundi, niseme kwanza kwamba kwa mwaka mzima na zaidi nilimsalimia kwa mdomo tu. Nilikuwa nimemwomba aseme uongo mmoja, akakataa. Kwa sababu hiyo, au mimi nilidhani ni kwa sababu hiyo, shamba la marehemu baba yangu kule Ekero liliuzwa, na mama yangu akatoka katika nyumba aliyoishi tangu aolewe. Sasa Fundi tumeshamzika. Siku ya mazishi walisimama watu wengi kumsifu, na walisema vizuri kuliko ninavyoweza. Mimi sikusimama. Nilirudi nyumbani nikaona afadhali niyaandike niliyo nayo, pamoja na yale yasiyonipamba.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Kibanda changu kiko Kakamega mjini, upande wa barabara ya Mumias, na gereji ya Fundi ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, hatua kumi hivi. Tulitazamana kwa miaka kumi na minane. Mafundi pale walikuwa wengi, wa breki, wa rangi, wa waya, wa redieta, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno ulimaanisha yeye. Alikuwa mfupi, mabega mapana, ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikakaribia kuwa nyeupe. Magari aliyasemesha kwa Kiluhya na wateja kwa Kiswahili. Herufi za l na r hakujali ipi imekaa wapi. Vijana wa gereji walimwiga akiwa amewapa mgongo, "Gali hii ni ghali," naye akisikia alicheka kuliko wao, kisha akawatuma wakasukume basi la shule lililozimika.

Tangu siku ya kwanza aliniita Mama Viti. Sikuwa na mtoto wakati huo, lakini alisema kila mtu ni mzazi wa kile anachotengeneza.

Ujanani alifanya kazi Nairobi katika karakana ya magari ya mashindano, yale yanayokimbizwa kwenye vumbi huku watu wamejipanga kando kushangilia. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi si mtu wa kuchimba. Vitu alivyorudi navyo vilikaa kwenye rafu moja nyuma ya gereji: pistoni nyepesi kama kikombe cha bati, sahani ya breki iliyopasuka, na rundo la magazeti ya magari ya Kiingereza. Magazeti hayo aliyasoma na kamusi pajani. Mchana alitengeneza trekta za miwa, pikapu za maziwa na ambulensi moja iliyokuwa inakuja kila mwezi kama mgonjwa wa sukari. Saa ya chakula aliketi juu ya tairi la trekta akisoma kuhusu magari ambayo hayajawahi kufika Kakamega na huenda hayatafika.

Siyo kasi ya magari hayo iliyomvutia, na hilo watu wengi hawakuelewa. Yeye mwenyewe aliogopa mwendo. Alikuja kazini kwa baiskeli nyeusi kutoka chumba alichopanga na mkewe upande wa Lurambi, na kwenye mteremko alishuka akaisukuma. Bodaboda hakupanda. Akijaribu gari la mteja aliliendesha polepole hadi mteja mwenyewe anaona haya. "Nikitaka kulijua nalisikiliza likitembea," alisema. "Likikimbia linanidanganya."

Kilichomkamata ni bei. Kila mwaka magazeti yale yalileta gari jipya la kasi lenye bei ambayo sisi tuliisoma tukacheka. Yeye hakucheka. Aliitazama namba ile kama mtu anayetazama nyumba kubwa na kutaka kujua imejengwaje. Alitaka kujua kila shilingi imekaa wapi. Na ukitaka kumkasirisha, ungesema hivi: "Aah, hapo unalipia jina tu."

Nakumbuka mwalimu mmoja wa Butere aliyeleta gari lake litolewe mlio wa ajabu. Aliokota gazeti, akakuta bei, akapiga mluzi.

"Fundi, hii pesa inajenga madarasa. Huu si wizi?"

"Mwalimu, umewahi kupika chai ya watu watatu?"

"Mke wangu hupika."

"Basi muulize. Jiko ni lile lile, sufuria ni ile ile, na kuni zinaisha sawa na za watu thelathini. Sasa gawanya kuni kwa watu watatu. Kila mmoja anywe na alipie." Akaingia tena chini ya gari. Sauti ikatoka huko chini. "Wale wametengeneza machache, mwalimu. Lakini kuni waliwasha zote."

Mwalimu akanigeukia. "Huyu mzee anakulanga nini asubuhi?"

"Anakula magazeti," nikamwambia.

Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake, na aliyatoa bure. Mtu alileta gari la kubadilishwa oili akaondoka amejua kwa nini breki za gari la kasi zinatengenezwa kwa wiki nyingi. Bei ya watu wa mbali aliitetea kama wakili, lakini yake mwenyewe iliaibisha. Alikuwa anaweza kuchomoa injini nzima na kuirudisha, halafu ataje pesa ya kununua nyama kilo mbili. Niligombana naye sana.

"Fundi, unatetea bei ya watu usiowajua. Yako atatetea nani?"

"Yangu haina kesi."

"Ina kesi. Muulize mkeo."

"Mke wangu ndiye aliyenihukumu zamani," alisema, na hapo mazungumzo yaliisha.

Alikuwa mpole wa maneno na mchoyo wa vyombo. Spana zake hakuna aliyezigusa. Fundi wa redieta aliwahi kuchukua moja bila kuuliza, akairudisha baada ya nusu saa ikiwa safi kabisa, na Fundi hakumsemesha kwa miezi mitatu. Walikuwa wanaimba kwaya moja kanisani, sauti ya tatu wote wawili, bega kwa bega, bila neno. Nilimwambia hiyo ni dhambi. Akasema anajua, na akaendelea.

Mara moja tu nilimwona akimfukuza mteja. Alikuwa kijana aliyevaa vizuri, mwenye gari la kawaida kabisa. Alitaka afungiwe bomba la moshi lenye kelele, na nembo ya gari la kasi ibandikwe nyuma, ili aliuze Kisumu kwa bei ya juu. Alikuja na nembo yenyewe mfukoni. Fundi aliishika, akaigeuza, akaisifu kwamba imechongwa vizuri. Kisha akamrudishia.

"Unataka nimvalishe mbuzi kengele ya fahali."

"Mzee, mimi nalipa."

"Mbuzi hatajua. Mimi nitajua. Toa gari lako hapa."

Kijana alipata mtu mwingine, hatua ishirini tu kutoka hapo. Kwa kelele ile nilijua kazi imekwisha.

Jambo jingine nataka lijulikane, kwa sababu lilinihusu mimi. Mwaka wa tatu wa ujirani wetu alivuka uchochoro na gazeti limefunguliwa. "Mama Viti, kuja uone." Ilikuwa picha ya mwanamke mzungu mwenye miwani, ameinamia cherehani, anashona ngozi nyekundu ya kiti. Fundi alikuwa ametumia kamusi hadi akaelewa maneno yaliyo chini ya picha. Alisema mwanamke yule anashona viti vya gari moja kwa siku kadhaa, na mshono ukipinda anaanza upya. "Watu wanasema injini, injini. Lakini huyu pia yumo ndani ya bei. Huyu ni wewe."

Niliishia darasa la nane. Hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha kitabu chochote na kusema huyu ni wewe. Tangu siku hiyo nilifumua mishono yangu iliyopinda, na nilipandisha bei kidogo, na wateja walilipa.

Sasa nifike kwa ndugu yangu.

Ndugu yangu ananifuata kuzaliwa. Alikuwa msimamizi wa trekta za kubeba miwa, mtu wa watu, mkono wazi. Baba kabla hajafa aliandikisha shamba kwa jina lake, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, na mama akabaki katika nyumba iliyo katikati ya miwa, na kishamba chake cha mahindi nyuma ya jiko. Hakuna aliyelalamika. Kisha ndugu yangu akaliona gari kwenye simu. Lilikuwa limezinduliwa karibuni, la kasi, jekundu, na mtu wa Nairobi alimwambia machache tu yataletwa nchini na moja linaweza kuwa lake. Mnunuzi wa shamba alikuwa tayari. Shamba lilikuwa limeshapimwa.

Nililia, nikamwita mbele ya mama, nikamwita mbele ya wazee. Mama alisema tu, "Ni shamba lake." Mwishowe ndugu yangu akaniambia neno ambalo nililishika kama kamba. Alisema, "Dada, mimi siyo mjinga. Nitamuuliza Fundi. Fundi akisema ile bei ni mbaya, naacha. Naapa."

Alikuwa anamheshimu Fundi kuliko wazee wetu. Alimpelekea trekta kwa miaka mingi.

Basi siku moja kabla nilivuka uchochoro. Fundi alikuwa anafunga nati za gurudumu.

"Fundi, kesho ndugu yangu anakuja. Mwambie anaibiwa."

"Anaibiwa?"

"Mimi sijui. Wewe mwambie."

Akafunga nati moja, akaenda kwa ile ya upande wa pili, kama inavyotakiwa.

"Ni nyumba ya mama, Fundi. Neno moja tu."

"Najua ni nyumba ya mama." Akafuta mikono. "Wacha aje."

Nilimsikia vibaya kwa kupenda. Nilidhani amekubali. Usiku ule nililala.

Ndugu yangu alikuja saa nne asubuhi, na shati jeupe. Nilijiketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa ili nisikose neno. Alifungua simu, akamwonyesha gari na bei. "Mzee, sema ukweli. Hii bei ni halali?"

Fundi aliichukua simu kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaenda kwenye rafu, akarudi na pistoni na ile sahani ya breki, na akaanza.

Sijawahi kumwona hivyo. Alisema, "Wewe umetoka kwenye miwa, mimi nimetoka Shinyalu kwenye mafahali. Fahali wa kupigana hapimwi kwa kilo. Mtu wa bucha akija na mizani yake, atakupa bei ya nyama, na kwa mizani yake atakuwa amesema kweli. Lakini mwenye fahali anajua ndama wangapi alilea wakashindwa ndipo akampata huyu mmoja. Anajua nani alilala naye zizini, alimlisha nini, alimtembeza wapi. Hao waliopotea wote wako ndani ya bei ya huyu." Akanyanyua pistoni. "Injini hii ya kwenye picha haikuzaliwa peke yake. Walitengeneza nyingine, wakazikimbiza usiku na mchana mpaka zikapasuka, makusudi, wajue zinapasukia wapi. Magari mazima waligongesha ukutani. Hayo hayauzwi. Analipia nani? Wewe."

Ndugu yangu alicheka. "Kumbe!"

"Subiri. Ukiongeza nguvu ya injini, breki za zamani hazitoshi. Unaweka kubwa. Breki kubwa zinachemka, unatafuta hewa ya kuzipoza. Unabadilisha bodi ili hewa ipite. Bodi ikiwa nzito, umeua nguvu uliyoongeza, sasa unatafuta kitu chepesi, nyuzi za kaboni zinazopangwa kwa mkono na kuokwa kama mkate, na mkate ukiharibika unatupwa. Matairi nayo ni yake peke yake. Hakuna kitu kimoja kinachopanda bila kuvuta kingine. Na kila kimoja kina mtu amekaa akifikiria. Hata kiti. Muulize dada yako kuhusu kiti."

Alinigeukia. Macho yake yaling'aa. Nami, Mungu anisamehe, niliinuka kwenye ndoo nikasema, "Mshono wa sindano mbili. Ukipinda wanaanza upya."

"Umesikia?" Fundi akasema. "Kisha meli. Kisha Mombasa. Ushuru unahesabiwa juu ya bei, na bei ikishaongezwa ushuru inatozwa kodi nyingine juu yake, na injini kubwa inatozwa zaidi. Kisha muuzaji ana duka lenye kuta za vioo. Na mwisho, kiwanda chenyewe kinatoa machache kuliko wanaoyataka, kwa akili, ili wanaotaka wasukumane. Hiyo nayo ni bei. Sikufichi."

Aliendelea hivyo saa nzima. Mteja mwingine alikuja akasimama kusikiliza, akasahau alichojia. Mwishowe ndugu yangu akauliza tena, taratibu, "Kwa hivyo, mzee, ni halali."

"Ni halali," Fundi akasema. "Hakuna anayekuibia. Ni halali kabisa."

Ndugu yangu alimshika mkono kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Umenitoa wasiwasi." Akatoka na shati lake jeupe bila kugusa grisi mahali popote.

Nilibaki nimesimama. Fundi bado alikuwa ameshika pistoni, na tabasamu lilikuwa halijaondoka usoni.

"Umemmaliza mama yangu," nikamwambia.

Tabasamu liliondoka kidogo kidogo, kama maji yanayonyonywa na udongo. Nilivuka uchochoro.

Mama alikuja kuishi nami mjini na magunia mawili na jembe. Jembe lilisimama nyuma ya mlango. Asubuhi alizoea kutoka nje kutazama mvua inatoka upande gani, na hapa alitazama ukuta wa jirani. Hakumlaumu mtu. Gari lilifika Ekero, likakaa pale kama bibi harusi kwenye matope. Barabara za miwa zina matuta katikati yaliyoachwa na magurudumu ya trekta, na tumbo la gari lile lilikuwa chini. Lilitembea kwenye lami tu, Mumias kuja Kakamega na kurudi. Rimu moja ilipasuka kwenye shimo, na rimu nyingine ilichukua wiki saba kufika. Sisemi ndugu yangu hakufurahi. Watoto walimkimbilia, wazee walilizunguka. Aliliuza baadaye kwa mtu wa Eldoret kwa pesa ndogo sana, na hata hivyo anasema hajuti. Huyo ni ndugu yangu, na namwamini.

Lakini kabla hajaliuza alinijia siku moja anacheka kwa aibu. Alikuwa amepeleka jogoo kwa wakwe. Kapu lilikuwa limefungwa kwa waya, jogoo akapigana humo ndani njia nzima, na waya ukapasua ngozi ya kiti cha abiria kwenye mshono. Kiti kipya kilikuwa bei isiyosemeka. "Dada, shona."

Nilikichomoa kiti nikakiweka mezani. Kila kitu Fundi alichosema kilikuwepo. Nilijua bila kuinua kichwa kwamba amesimama mlangoni pa gereji yake, anatazama. Alivuka nusu ya uchochoro, ovaroli ameivua, ameishika mkononi kama kofia.

"Mama Viti. Ndicho hicho?"

"Nina kazi, Fundi."

"Nitatazama tu. Sitagusa."

Nikasukuma mlango. Sikuubamiza, niliusukuma mpaka ukafunga. Kwa siku mbili nilishona nikiwa nimewasha taa mchana, ili nisifungue. Mtu aliyesoma juu ya kiti hicho kwa kamusi, kikiwa hatua kumi kutoka kwake, nilimnyima. Katika mambo niliyowahi kufanya, hilo ni dogo, na ndilo linaloniuma.

Baada ya hapo kifua kilimshika. Alianza kukosa siku moja kwa wiki, kisha tatu, kisha wakampeleka nyumbani kwake Shinyalu na gereji ikafungwa kwa mnyororo. Mama ndiye aliyeniuliza.

"Umeenda kumwona yule mzee?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Mama, wewe unajua kwa nini."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho. "Yule mzee hakuuza shamba. Aliyeuza shamba nimemzaa mimi. Nenda."

Nilikwenda Jumamosi. Njia ya kwao inapita kando ya mashamba ya chai. Mkewe, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alinipokea: "Mulembe. Ameuliza nani anakuja, nikamwambia ni wewe, amekataa kulala." Fundi alikuwa ameketi kitandani na mito miwili mgongoni. Mabega yalikuwa yamekwisha. Mikono ilikuwa safi, na usafi huo ulinitisha kuliko kikohozi.

"Mama Viti. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amekusalimu."

"Nyumba yake?"

Ningeweza kusema tusizungumze hayo. Lakini alikuwa ameuliza. Nikamwambia ilibomolewa, na mnunuzi amepanda miwa mpaka pale mlango ulipokuwa.

Mkewe alileta ugali na kuku, akaweka kwenye stuli, akatoka. Ndipo Fundi akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Wewe unafikiri nilikataa kudanganya."

"Ndivyo ulivyofanya."

"La. Ningedanganya. Usiku ule nilikaa na mke wangu nikamwambia, kesho nitasema uongo mmoja, ni nyumba ya mama wa watu. Nilikuwa nimeamua." Akakohoa, akangoja kipite. "Halafu yule ndugu yako akaniuliza. Miaka thelathini, Mama Viti, thelathini, nimekaa na kitu hiki kichwani, na watu wanacheka. Hakuna aliyewahi kuja na shati safi akaketi akaniuliza kwa kweli, mzee, kwa nini bei ni hii. Nilipoanza nilifurahi sana. Nilimsahau mama yenu. Saa nzima, nilimsahau kabisa. Nilikumbuka uliposema nimemmaliza." Alitazama mikono yake. "Watu wa kanisa wanakuja hapa wananiambia mimi ni mtu wa ukweli. Sipendi wakisema hivyo."

Sikumwambia si kitu. Ni kitu. Mama yangu anatazama ukuta kila asubuhi. Lakini nilijua pia jambo jingine, na nisingeweza kutoka chumba kile nalo.

"Fundi, nilikuona uso siku ile. Nilijua umesahau. Na wewe uliposema niulizwe kuhusu kiti, mimi niliinuka nikajibu. Mimi, mtoto wake. Nilifurahi. Niliposema mshono wa sindano mbili, nilikuwa nimemsahau pia."

Akanitazama. Kuku alipoa.

"Na kile kiti," nikasema, "nilikufungia mlango makusudi."

"Nilijua ni makusudi." Karibu acheke. "Nilisimama pale nje siku ya pili nikisikiliza cherehani. Ulisimama mara nyingi. Nikasema huyu amekutana na kitu asichokijua."

"Nilikutana nacho."

"Ni nini?"

"Uzi. Haukuwa uzi wa kawaida, na mashimo hayakutobolewa na sindano. Yalitobolewa kabla, ngozi ikiwa tambarare."

"Kabla?" Alijisukuma juu ya mito. "Kwa hivyo akikosea hapo, ngozi nzima imekwenda."

"Nzima."

"Unaona? Unaona sasa?" Kikohozi kilimkamata, mkewe akachungulia mlangoni, yeye akampungia mkono aende. Kilipopita alilala nyuma, akafumba macho. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso.

"Anza mwanzo," akasema. "Ulipokichomoa. Bolti zilikuwa ngapi? Usiruke kitu."

Nilivuta kigoda karibu na kitanda. Nikaanza na bolti, nne, vichwa vyake vya pembe sita, nikaenda kwenye waya wa chini, kwenye sponji iliyokatwa kwa vipande vitatu vya ugumu tofauti, kwenye ngozi upande wa ndani usioonekana na mtu, ambako mshono ulikuwa umenyooka sawa na upande wa nje. Sikuruka kitu.